Kupima mashimo meusi kwa rula na kikokotoo: mwongozo kamili kwa waliokwama

Mmoja ameniletea jibu la Jua 91, yaani masi ya Jua letu mara 91. Mwingine Jua 10. Mwanafunzi mmoja wa Katuba, daftari lake safi, kila mstari umepigwa kwa rula, amefika kwenye nusu ya Jua, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kweli shimo jeusi linaweza kuwa jepesi kuliko Jua letu?"

Zoezi ni lile lile kwa wote. Unachukua grafu ya wimbi la mvutano (mtetemo wa nafasi yenyewe unaosafiri angani) lililonaswa tarehe 14 Septemba 2015, wimbi linaloitwa GW150914, na kutoka kwenye grafu hiyo peke yake unatafuta masi ya mashimo meusi mawili yaliyoungana. Hapa Lubumbashi ilikuwa Jumatatu, saa tano na dakika 50 asubuhi, watoto wako darasani.

Wote watatu walikuwa wameelewa fizikia. Kilichowaangusha ni vitu vidogo: marudio (mawimbi kwa sekunde) yaliyogawanywa kwa mbili, nusu wimbi iliyohesabiwa kama wimbi zima, muda ulioachwa kwenye milisekunde. Kwa hiyo naandika upya tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Jibu tunalolitafuta ni Jua 70 hivi kwa mashimo yote mawili. Lakini usilichukue kwa sababu nimelitaja mimi. Lipate mwenyewe.

## Vitu vya kuandaa

- Grafu ya GW150914 kutoka vituo vyote viwili vya LIGO, mtambo wa Marekani wa kunasa mawimbi ya mvutano: Hanford na Livingston. Zinapatikana bure kwenye gwosc.org, tovuti inayohifadhi data za mawimbi ya mvutano kwa ajili ya watu wote. Mega chache zinatosha.
- Karatasi nne za A4 na gundi au utepe.
- Rula yenye milimita zinazosomeka vizuri. Rula iliyofutika ncha itakusumbua.
- Penseli iliyochongwa kali na kifutio.
- Karatasi ya milimita, ile ya darasa la fizikia.
- Kikokotoo cha kisayansi chenye kitufe cha kipeo (^ au xʸ). Cha simu kinafaa, mradi kiwe na mabano.
- Dirisha linaloingiza jua.

Chapa grafu mapema, siku ambayo umeme upo. Baada ya hapo kazi yote ni ya karatasi, hata umeme ukikatika unaendelea.

## Hatua ya 1: Chukua grafu iliyosafishwa

Data ghafi haitakuonyesha kitu. Mikono ya kituo cha LIGO ina urefu wa kilomita 4, na wimbi hili liliibadilisha urefu kwa sehemu moja tu kati ya 10²¹. Hiyo ni mita 4 × 10⁻¹⁸, mamia ya mara ndogo kuliko protoni. Mitetemo ya ardhi na ya mashine inalifunika kabisa.

Tafuta grafu iliyochujwa, iliyobakiza mitetemo ya kati ya Hz 35 na Hz 350 tu (Hz ni mitetemo kwa sekunde). Mhimili wa chini ni muda kwa sekunde, kuanzia 0.25 hadi 0.45 hivi. Mhimili wa wima ni ukubwa wa mtetemo.

Angalizo kwa wanaopakua namba badala ya picha. Faili ni ya maandishi, safu mbili, na desimali zake zimeandikwa kwa nukta. Kompyuta nyingi za hapa kwetu zimewekwa kwa Kifaransa, zinasubiri mkato. Ukifungua faili hivyo hivyo, jedwali litachukua 0.35 kama neno, siyo namba, na grafu itatoka mstari ulionyooka au haitatoka kabisa. Badilisha nukta zote ziwe mikato, au chagua lugha ya Kiingereza unapoingiza safu. Niliwahi kupoteza jioni nzima kwa jambo hili nikidhani faili imeharibika.

Umefanikiwa ukiona mstari unaotikisika bila mpangilio upande wa kushoto, kisha kuanzia karibu na 0.35 mawimbi yanajitokeza, yanakuwa marefu na kubanana zaidi na zaidi, yanafika kileleni karibu na 0.42, halafu yanazimika ghafla.

## Hatua ya 2: Ichape kubwa

Wengi wamechapa grafu kwenye A4 moja na kuishia kupima vipande vya milimita 3. Kosa la milimita moja hapo ni theluthi nzima ya kipimo chako.

Panua kila grafu ienee kwenye A4 mbili zilizolala na kuunganishwa, ili sekunde 0.20 zichukue sentimita 40. Hapo milimita 1 ni milisekunde 0.5. Mwambie mtu wa fotokopi kwamba hutaki "nzuri", unataka kipimo kamili. Kisha pima mwenyewe kwa rula kabla ya kulipa. Kama sentimita 40 zimetoka 39.2, haidhuru, ila andika juu ya karatasi ni milisekunde ngapi kwa milimita. Namba hiyo utaitumia mpaka mwisho.

## Hatua ya 3: Hakikisha kwamba ni wimbi, siyo lori

Hatua hii watu wanairuka, nami naipenda kuliko zote.

Unajua nyumba inavyotikisika lori la shaba likipita barabarani. Kituo cha LIGO nacho kinatikisika. Utajuaje kwamba ulichoshika mkononi hakikuwa lori la huko Louisiana? Kwa kuwa kuna vituo viwili. Livingston iko Louisiana, Hanford iko jimbo la Washington, na kati yao ni kilomita 3,000 hivi. Hakuna lori linalotikisa sehemu zote mbili kwa wakati mmoja.

Bandika grafu ya Hanford kwenye kioo cha dirisha, jua likiwa nyuma yake. Chukua ya Livingston, igeuze juu chini kwa kuikunjulia nyuma, kama unavyogeuza chapati kuelekea upande wako: ukingo wa juu unakuwa wa chini, na unaitazama kutoka mgongoni. Kushoto kunabaki kushoto. Kuigeuza huku ni lazima, kwa sababu mikono ya vituo viwili imelazwa kwa mielekeo tofauti, wimbi lililonyoosha huku lilibana kule.

Angalizo: usiizungushe kama usukani. Ukizungusha, muda unarudi nyuma na hakuna kitakacholingana.

Sasa iteleze polepole kuelekea kulia. Wimbi lilifika Livingston kwanza, Hanford likachelewa milisekunde 7 hivi. Kwa kipimo chetu ni milimita 14. Mwanga wenyewe ungehitaji milisekunde 10 kusafiri kati ya vituo hivyo, kwa hiyo 7 inaruhusiwa, 15 isingeruhusiwa.

Umefanikiwa ukiona vilele vya karatasi mbili vinalaliana kuanzia 0.35 mpaka mwisho, na mikwaruzo ya kushoto hailingani. Isiyolingana ni kelele ya kila kituo. Inayolingana imetoka mbinguni. Mara ya kwanza nilipoteleza karatasi hizo na kuona mistari miwili ikigeuka mmoja, nilisimama dirishani mpaka jua likahama.

## Hatua ya 4: Weka alama kwenye mikato ya sifuri

Rudi na grafu ya Hanford mezani. Piga mstari mwembamba wa mlalo kwenye sifuri. Kila mahali wimbi linapoukata mstari huo, liwe linapanda au linashuka, weka nukta ya penseli.

Kwa nini mikato na siyo vilele? Kilele ni duara, huwezi kujua ncha yake iko wapi hasa. Mkato ni mkali, wimbi linapita sifuri kwa kasi, na nukta inakaa mahali pamoja.

Anza pale mawimbi yanapojitenga na kelele, karibu na 0.35. Acha kabla ya wimbi refu kuliko yote. Utapata mikato kati ya minane na kumi na miwili. Anayeweka ishirini ameingia kwenye kelele, au ameendelea mpaka baada ya mashimo kuwa moja.

Soma muda wa kila mkato kwa milimita, kisha ubadili kuwa sekunde. Andika 0.3745, usiandike 374.5. Aliyefika kwenye nusu ya Jua alipotelea hapa.

## Hatua ya 5: Tafuta marudio

Marudio ni idadi ya mawimbi kamili kwa sekunde. Kati ya mkato na mkato unaofuata hakuna wimbi zima, kuna nusu tu: kilima, au bonde. Kwa hiyo

f = 1 ÷ (2 × tofauti ya muda)

Tofauti ya sekunde 0.0100 ni Hz 50. Kwenye karatasi yako ni milimita 20. Tofauti ya milimita 12.5 ni Hz 80.

Marudio hayo ni ya wapi hasa kwenye muda? Ni ya katikati ya mikato miwili. Ukiyaandika kwenye mkato wa kwanza, mstari wako wote utasogea.

Tengeneza jedwali la safu tatu: muda wa katikati, f, na safu tupu ya hatua inayofuata. Marudio yanapaswa kupanda unaposhuka jedwali. Pakitokea mahali yanashuka kidogo kisha kupanda, acha palivyo. Kelele bado imo ndani. Usirekebishe namba ili zipendeze.

Hapa ndipo penye siri ya zoezi zima, kwa hiyo tutulie kidogo. Vitu viwili vizito vinavyozungukana vinatoa mawimbi ya mvutano, na mawimbi yanaondoka na nguvu. Vikipoteza nguvu vinasogeleana. Vikisogeleana vinazunguka haraka zaidi, na kuzunguka haraka kunatoa mawimbi makali zaidi. Kwa hiyo mlio, yaani marudio ya wimbi, unapanda, taratibu mwanzoni kisha kwa pupa. Kasi ya kupanda kwake inategemea masi: vizito vinapanda upesi, vyepesi vinachukua muda mrefu. Ukipima mlio unavyopanda, umeshika mizani mkononi.

## Hatua ya 6: Kipeo cha −8/3

Ukichora f yenyewe dhidi ya muda utapata mkunjo ambao rula haiwezi kuufuata. Lakini nadharia ya Einstein inasema kwamba f^(−8/3) inapungua kwa mstari ulionyooka. Ndiyo maana tunateseka na kipeo hiki.

Kabla ya kugusa jedwali, pima kikokotoo chako. Bonyeza:

40 ^ ( −8 ÷ 3 ) =

Jibu sahihi ni 5.34 × 10⁻⁵. Ukiona 5.09 × 10⁻¹⁴, umesahau mabano: kikokotoo kimepandisha 40 kwa −8 kwanza, ndipo kikagawa kwa 3. Ukiona namba kubwa, zaidi ya elfu kumi, umesahau alama ya kutoa. Pima tena kwa 80, upate 8.42 × 10⁻⁶.

Usiendelee mpaka namba hizo mbili zitoke. Sizidishi chumvi nikisema kwamba sehemu kubwa ya madaftari niliyosahihisha yalifia kwenye mabano haya.

Angalizo lingine: kipeo hiki kinakuza makosa. Ukikosea f kwa asilimia 10, f^(−8/3) inakosea kwa zaidi ya robo. Ndiyo sababu nilikusumbua na sentimita 40 na ncha ya penseli.

Jaza safu ya tatu yote kwa kizidishi kimoja, × 10⁻⁵, ili usichanganyikiwe: 0.842 × 10⁻⁵, siyo 8.42 × 10⁻⁶.

## Hatua ya 7: Chora mstari, upate mteremko

Kwenye karatasi ya milimita, weka muda mlalo na f^(−8/3) wima. Weka alama zako. Zitashuka kutoka kushoto kwenda kulia.

Lete rula, upige mstari mmoja ulionyooka unaopita katikati ya kundi la alama. Usiunganishe alama moja baada ya nyingine kama uzi wa shanga. Alama za mwisho karibu na kilele mara nyingi zinakataa mstari, kwa sababu hesabu hii inadhani vitu vimeachana vya kutosha. Vikikaribia kugusana, nadharia nyepesi inaishiwa. Alama mbili za mwisho zikikaidi, ziache pembeni na uandike kwamba umeziacha.

Endeleza mstari mpaka ukate sifuri. Unapaswa kukata kati ya 0.42 na 0.43 hivi. Huo ndio wakati wa kuungana.

Chukua sehemu mbili juu ya mstari, siyo juu ya alama zako, zilizoachana sana. Mteremko ni tofauti ya wima kugawanya kwa tofauti ya muda. Utatoka hasi, chukua namba yenyewe bila alama ya kutoa.

Mfano wa kupimia mkono wako: kama mstari unapita Hz 40 na Hz 80 kwa kuachana sekunde 0.10, tofauti ya wima ni 5.34 − 0.84 = 4.50, zote × 10⁻⁵. Gawanya kwa 0.10: mteremko ni 4.50 × 10⁻⁴.

## Hatua ya 8: Kutoka mteremko kwenda masi

Kinachotoka kwenye mteremko kinaitwa masi ya mlio. Siyo masi ya shimo la kwanza wala la pili, ni mchanganyiko wa zote mbili unaoongoza mlio unavyopanda.

1. Gawanya mteremko kwa 1,084. Namba hii ni 256/5 mara π^(8/3), nimekukokotolea.
2. Pandisha jibu kwa kipeo ( 3 ÷ 5 ), na mabano yake.
3. Gawanya kwa 4.925 × 10⁻⁶. Hii ni masi ya Jua ikiwa imegeuzwa kuwa sekunde kwa kutumia G (namba ya mvutano ya Newton) na kasi ya mwanga.

Kwa mfano wetu: 4.50 × 10⁻⁴ ÷ 1,084 = 4.15 × 10⁻⁷. Kwa kipeo cha 3/5, 1.48 × 10⁻⁴. Ukigawanya, Jua 30.1.

Umefanikiwa ukipata kati ya 25 na 40 kwa grafu yako halisi. Kompyuta kubwa, zikitumia nadharia kamili, zinatoa karibu 30. Rula huwa inaelekea kuzidisha kidogo. Ukipata 36 kwa penseli, funga daftari kwa furaha.

Jibu likiwa la ajabu, lenyewe linakuambia ulipokosea:

- Karibu 10: umehesabu nusu wimbi kama wimbi zima. Rudi hatua ya 5.
- Karibu 91: umegawanya marudio kwa mbili, ukitaka mzunguko wa mashimo badala ya marudio ya wimbi. Fomula hii inataka ya wimbi.
- Karibu 0.5: muda wa mteremko uko kwenye milisekunde.
- Namba yenye 10⁻¹⁵: mabano ya 3 ÷ 5.

Sasa masi ya jumla. Kama mashimo yanalingana, jumla ni masi ya mlio mara 2.3: yaani 30 × 2.3 = 69. Kama hayalingani, jumla inazidi hapo, haipungui kamwe. Chukua 70.

Bado kitu kimoja. Wimbi lilisafiri miaka zaidi ya bilioni moja, na njiani ulimwengu ulikuwa unatanuka, ukalinyoosha kwa asilimia 9 hivi. Wimbi lililonyooka linaonekana kama la vitu vizito zaidi. Gawanya 70 kwa 1.09, upate 64. Watafiti wa LIGO walitangaza Jua 36 na Jua 29, jumla 65. Umetofautiana nao kwa Jua moja, ukiwa na rula.

Shimo lililobaki lilikuwa la Jua 62. Yale matatu yaliyopungua yaligeuka nguvu ya mawimbi.

## Hatua ya 9: Thibitisha kwamba ni mashimo meusi

Mtu akikuuliza, "Kwa nini zisiwe nyota mbili kubwa tu?", usimjibu kwamba vitabu vinasema hivyo. Mpimie nafasi.

Karibu na kilele, wimbi lina Hz 150. Mashimo yenyewe yanazunguka nusu ya hapo, mara 75 kwa sekunde, kwa sababu kila mzunguko mmoja unatoa mawimbi mawili. Sheria ya Kepler, ile ya vitu vinavyozungukana angani, inatoa umbali R kati yao, M ikiwa masi ya jumla:

R³ = G × M ÷ (π × f)²

G mara masi ya Jua ni 1.327 × 10²⁰. Mara 70, ni 9.29 × 10²¹. Chini, π × 150 ni 471, mraba wake 222,000 hivi. Ukigawanya unapata 4.18 × 10¹⁶, na kipeuo cha tatu chake ni mita 347,000. Kilomita 347. (Tumetumia 70 bila kugawanya kwa 1.09 kwa sababu marudio nayo ni yale tuliyoyapokea hapa duniani; jibu ni la kukadiria.)

Barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi ni kilomita 300 hivi. Weka kitu kimoja chenye masi ya Jua 35 hapa mjini, kingine kama hicho mbele kidogo ya Kolwezi, kisha vizungukane mara 75 kwa sekunde moja. Kasi ya kila kimoja inazidi robo ya kasi ya mwanga.

Ni kitu gani kinaenea hapo? Jua letu lina nusu kipenyo cha kilomita 696,000. Nyota kibete nyeupe ni kubwa kama dunia. Nyota ya nyutroni ni ndogo, ina nusu kipenyo cha kilomita 12 hivi, lakini haiwezi kubeba zaidi ya Jua mbili na kitu, tatu kwa mbali. Ukijaribu kuweka nyota ya nyutroni ya Jua 2 na shimo jeusi moja, ili masi ya mlio ifike Jua 30 shimo lingetakiwa kuwa na Jua 1,700 hivi, na jitu hilo lingeimeza nyota mlio ukiwa Hz chache tu, kabla hata ya kufika 35. Sisi tumesoma 150.

Limebaki jambo moja. Shimo jeusi lina nusu kipenyo cha kilomita 2.95 kwa kila Jua moja. Jua 35 ni kilomita 103, pungufu kidogo ya safari ya kwenda Likasi. Mawili yanaenea ndani ya 347, na nafasi inabaki ndogo.

## Hatua ya 10: Rudi nyuma mpaka kwenye nyota

Umepata Jua 32 hivi kwa kila shimo, nusu ya 64. Hiyo namba ina maana kubwa kuhusu shimo lilivyozaliwa.

Nyota nzito inaishi kwa kuunganisha hidrojeni kuwa heliamu, heliamu kuwa kaboni, kisha oksijeni, silikoni, mpaka chuma. Joto linalotoka ndilo linaloibeba isijiangukie. Chuma hakitoi nguvu kikiunganishwa, kinadai. Kiini cha chuma kikivuka Jua 1.4 hivi, kinaporomoka chini ya sekunde moja. Nyutroni zikiweza kukibeba, inabaki nyota ya nyutroni. Mzigo ukizidi, hakuna kinachojulikana cha kuuzuia, na shimo jeusi linazaliwa.

Lakini nyota yenye elementi nzito nyingi, chuma kikiwamo, inapuliza upepo mkali unaoichuna maisha yake yote, na inafika mwisho imekonda. Shimo la Jua 30 na zaidi linaelekeza kwenye nyota iliyozaliwa mahali penye elementi nzito chache, upepo wake dhaifu, iliyofika mwisho na mwili wake. Andika hitimisho hilo daftarini chini ya hesabu yako. Wengi wanaishia kwenye namba, na namba pekee haijamaliza kusema.

Kuhusu jinsi mawili yalivyokutana, kuna njia mbili zinazojadiliwa: ama yalizaliwa nyota pacha na kufa pacha, ama yalikutana ndani ya kundi la nyota lililosongamana. Rula haiwezi kuchagua.

Na Jua letu? Ni jepesi mno, halitakuwa shimo jeusi kamwe. Hata kama shimo la masi ileile lingewekwa mahali pake, dunia ingeendelea na njia yake ileile, gizani na kwenye baridi.

## Wimbi la pili la kujaribu

Ukishamaliza, usichukue tukio lolote utakalolikuta kwenye orodha. Mengi yamezama kwenye kelele, macho hayayaoni. La nyota za nyutroni la 2017, GW170817, lilidumu zaidi ya dakika moja na rula haiwezi kulifuata.

Chukua GW250114, la tarehe 14 Januari 2025. Masi zake zinakaribiana sana na za GW150914, lakini vituo vilikuwa vimeboreshwa, kwa hiyo linasomeka wazi zaidi. Chapa kwa sentimita 40 zilezile, anza na dirisha, na safari hii usiangalie jibu langu mpaka umepiga mstari.